Rekodi Zote Zinakimbia

Jumapili alasiri, Julai. Nyumbani kijijini, juu ya Mbinga.

Ukungu umekataa kuondoka tangu asubuhi. Kahawa iliyoko kwenye vichanja imefunikwa turubai na hakuna anayejisumbua kuifunua, maana jua halionekani kabisa. Nimevaa sweta la Baba. Linanuka moshi, na mikono yake imenizidi hadi nimeikunja.

Nimechoka. Uchovu wa kazi naujua, mimi ni nesi kule Mbamba Bay na nimeshawahi kusinzia nimesimama. Huu ni mwingine. Huu unaamka nao.

Mnaoingia kwenye blogu hii kutafuta namna ya kukaanga mbasa bila kumvunja, leo mnisamehe. Leo sina samaki. Nina habari ya kinanda, na nisipoiandika leo nitashuka nayo ziwani kesho na itanikaba njiani.

Jana ilikuwa misa ya arobaini ya Baba.

Baba yangu, Mzee Alfonsi, alikuwa mkulima wa kahawa na mpiga kinanda wa kigango chetu tangu kabla sijazaliwa. Kinanda chenyewe kilikuwa cha kukanyaga, kiliachwa na wamisionari: unasukuma upepo kwa miguu huku mikono inatafuta sauti. Hakusomea muziki. Alikuwa kijana wa kufagia kanisa misioni, akasikia, akashika, akarudi nyumbani na kuanza. Watu waliosomea walikuwa wanamwangalia kwa jicho la pembeni, naye alikuwa anawajibu kwa kupiga.

Kwetu kuna desturi ambayo sijaiona kigango kingine. Misa ikiwa ya kumwombea marehemu, wafiwa hawapeleki vipaji kwa kucheza kama Jumapili nyingine. Kwaya inanyamaza. Wafiwa wanatoka mlangoni na mkate, divai, na kikapu cha mazao ya shamba la marehemu, wanatembea polepole hadi altareni, na kinanda peke yake kinawasindikiza. Baba alikuwa akipiga kipande kimoja tu kwa kazi hiyo, miaka yote. Ni muziki wa Wajerumani wa zamani sana, wa enzi zile wanazoziita Baroko, uliotungwa kwa ajili ya vinanda vikubwa vya mabomba. Una jina refu ambalo hakuna aliyeweza kulitamka, kwa hiyo sisi tuliuita Wa Vipaji. Juu kuna wimbo mtulivu, na chini sauti ya nne inatembea. Inatembea kweli, hatua, hatua, hatua, haikimbii wala haisimami. Akina mama wa kijiji hiki wote wanajua kuweka mguu pale sauti ya nne inapoweka wake.

Kwa kuwa alikaa akiwapa watu mgongo, Baba alitundika kioo kidogo cha kunyolea juu ya kinanda. Kwenye kioo hicho aliwaona wafiwa wakija. Kama aliyebeba kikapu ni bibi mwenye magoti mabovu, Baba alirudia kipande tangu mwanzo, na akikifikisha mwisho alikirudia tena, hadi kikapu kinafika mikononi mwa Padre. Ndipo alipofunga. Aliniambia hivi mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayeeleza kanuni ya kazi: humwachi mtu njiani.

Nadhani hakuna nyumba hapa ambayo haijatembezwa na Baba njia ile.

Sasa amekufa yeye, na hakuna wa kumpigia.

Kinanda cha kukanyaga kililiwa na mchwa zamani, limebaki kasha. Miaka ya mwisho Baba alitumia kinanda cha umeme cha kwaya na alikichukia wazi wazi. Mwalimu wa kwaya wa sasa ni mtu mwema, lakini amezoea kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe. Alijaribu Wa Vipaji wiki mbili nzima, kisha akaja hapa nyumbani, akakaa, akanywa chai, akasema, "Dada Skola, huu siuwezi. Nitamwaibisha mzee." Nilimheshimu kwa hilo.

Mtaniuliza kama hakuna aliyemrekodi Baba. Niliuliza nyumba kwa nyumba. Watu wana video za keki, za mabibi harusi, za majeneza yakiteremshwa, lakini wakati wa vipaji hakuna anayeshika simu, kila mtu anatazama kikapu. Ipo video moja tu, ya msiba wa jirani. Kinanda kinaanza, halafu mwenye simu anaanza kulia, na kilio chake kinafunika kila kitu mpaka mwisho.

Mama hakuwa amelia tangu tuzike. Alikuwa anaamka, anakaa jikoni, anachambua kahawa, analala. Hakutoka nje ya uwanja wetu. Nilipopanda kuja kwa ajili ya maandalizi nilimkuta amekonda kiasi kwamba nilimshika kifundo cha mkono kumhesabia mapigo, akaukwapua mkono wake.

"Mimi si mgonjwa wako," alisema. Kisha akasema jambo ambalo naamini alikuwa amelishikilia siku nyingi: "Alfonsi amewapigia watu wote. Na yeye apigiwe. Nitafutie kwenye hiyo simu, mimi nitabeba kikapu."

Padre nilimfuata mwenyewe. Alikuna kichwa, akasema kanisani hatuweki muziki wa kurekodi wakati wa misa, na sababu zake alinieleza, ni nzuri. Kisha akasema kwamba kwa ajili ya Mzee Alfonsi, mara hii moja, atakuwa anatazama upande mwingine.

Basi nikawa mtu wa kuchagua rekodi. Mimi ambaye muziki wangu ni mashine ya oksijeni na redio ya jirani.

Nilishuka Mbinga mjini kwenye mtandao wenye nguvu, nikakaa kwenye kibanda cha chai nusu ya siku, nikaandika lile jina refu herufi kwa herufi, nikapakua kila rekodi ya Wa Vipaji niliyoikuta. Sikujua kwamba kipande kimoja kinaweza kuwa na sura nyingi hivyo. Nilidhani rekodi ni rekodi. Kumbe kuna kinanda chenye mabomba ya mbao, sauti yake ya pua, kama mtu anayeongea na mafua. Kuna kingine kilichojengwa siku zile zile muziki ulipotungwa, ukisikiliza kwa makini unasikia mbao zake zikigonga chini ya miguu ya mpigaji. Kuna mmoja aliyeupamba kwa vikorombwezo kila kona, hakuna noti iliyoachwa ipumzike. Kuna mwanamke mmoja ambaye kabla ya kuanza unasikia anavuta pumzi, moja tu, halafu anaanza. Huyo nilimpenda mara moja, hata kabla ya noti ya kwanza.

Jioni nilikuwa naweka simu kwenye bakuli la bati ili sauti ijae, na Mama anachambua kahawa. Yeye ndiye alikuwa hakimu.

Wa kwanza hakumaliza hata mstari. "Huyu anawahi basi."

Wa pili alikuwa kwenye kanisa kubwa la mawe, sauti inakwenda na kurudi, mimi nilisisimka mwili mzima. Mama alisikiliza, akatupa punje mbovu pembeni. "Kanisa lake tupu. Anapigia viti."

Yule wa vikorombwezo alimwita fundi cherehani. Wa mabomba ya mbao alimwonea huruma. Yule mwanamke wangu wa pumzi alimpa nafasi kuliko wote, aliacha hata kuchambua, nikaanza kutumaini. Kisha akatikisa kichwa. "Anajua. Ila na yeye anakimbia. Wote wanakimbia, Skola. Wanakimbilia wapi?"

Alikuwa na haki, na hapo ndipo roho yangu ilipoanza kuuma.

Kwa sababu nilikumbuka. Nilipokuwa shule ya msingi, kanisa kubwa la mjini lilitafuta mpiga kinanda. Baba alivaa koti lake, akaenda kujaribiwa. Mwalimu wa muziki aliyekuwa anawapima, mtu mgeni, alimsikiliza akipiga Wa Vipaji, kisha akamwambia mbele ya wengine kwamba anapiga kama mtu anayesukuma mgonjwa kwenye baiskeli. Watu walicheka. Baba alirudi nyumbani jioni, akavua koti, akachukua jembe akaenda shamba na giza linaingia. Hakujaribu tena kokote. Baadaye sana Mama alipomgusia, alijibu neno moja tu: "Hajaisikia kanda."

Kanda. Baba alijifunza Wa Vipaji kwa kusikiliza kanda aliyopewa na bruda mmoja wa misioni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Hakuwahi kumwona kwa macho yake mtu yeyote akiupiga. Kanda ndiyo ilikuwa mwalimu wake, na alikuwa na uhakika na mwalimu wake kama nilivyo na uhakika na kipimajoto.

Na sasa simu yangu imejaa wapigaji wa dunia nzima, na wote wako upande wa yule mwalimu mgeni.

Niliwaza jambo ambalo sikutaka kuliwaza. Niliwaza labda Baba alikuwa hawezi tu. Labda vidole vya jembe havikufika, akapunguza mwendo ili afike, na sisi kwa kutojua tukauita utulivu. Nilimkasirikia marehemu, kisha nikajikasirikia mimi, nikatoka nje nikasimama kwenye baridi.

Nikajaribu ujanja. Simu inaweza kupunguza mwendo, nikamchukua yule mwanamke wa pumzi nikampunguza hadi hatua zake zikalingana na za Baba. Nilimwekea Mama bila kumwambia.

"Huyu amezuiwa," alisema papo hapo. "Baba yako hakuzuiwa na mtu. Na sauti iko juu. Ya baba yako ilikuwa imekaa chini."

Nilimwambia kwa hasira kwamba basi akampigie yeye mwenyewe. Aliendelea kuchambua kahawa. Nilitamani nilimeze lile neno.

Alhamisi nilifungua sanduku la Baba. Kanda ilikuwemo, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na rozari na wembe. Hakuipiga kwa miaka mingi kwa sababu aliogopa redio isije ikaitafuna. Na redio kaseti yenyewe ipo bado, stoo, juu ya magunia ya maharage, ila nami niliogopa mdomo wake. Baba mdogo Odilo, mdogo wake Baba, ana pikapu ya zamani ambayo bado ina mahali pa kanda, na kila siku anajisifia kwamba magari ya siku hizi hayana. Nikamwita. Nilitaka kuisikia mara moja tu, kwa masikio yangu, nijue kama Baba alikuwa mkweli.

Tulikaa watatu kiti cha mbele, Mama katikati, pikapu imesimama uwanjani. Baba mdogo akaisukuma kanda ndani.

Ikakimbia.

Ilikimbia kama wale wote. Mwendo ule ule, sauti juu vile vile. Ungeniambia ni mmoja wa kwenye simu yangu ningekubali.

Baba mdogo alipiga dashibodi kofi. "Gari hili nalo!" Akaitoa, akaweka kanda yake ya kwaya anayoijua hadi makohozi ya waimbaji, ikaimba sawasawa. Akairudisha ya Baba. Ikakimbia tena. Alinitazama juu ya kichwa cha Mama, nikaona naye amewaza nilichokiwaza mimi, kwamba kaka yake alidanganya, au alijidanganya.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka kipande kikaisha, kisha akasema taratibu, "Ni betri."

"Shemeji, gari halitumii betri zile," Baba mdogo alianza.

"Betri zangu mimi."

Na akaeleza, macho kwenye mikono yake. Enzi zile umeme haujafika, betri za redio zilikuwa kitu cha kutunza, na kanda inazila upesi kuliko redio. Kwa hiyo Mama aliweka sheria ndani ya nyumba. Betri mpya ni za taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Zikishachoka, redio ikianza kukoroma, ndipo Baba anaruhusiwa kuzitumia kwa kanda yake. Mama mwenyewe alizianika kichanjani pamoja na kahawa, akizigeuza ili joto liziingie, na zikipata nguvu kidogo alimpa mume wake kama anavyompa chakula. Baba alikaa barazani na kusikiliza. Kanda ilizunguka kwa nguvu ya kuokoteza. Ikatembea polepole, ikashuka sauti, na yeye akaishika hivyo hivyo, noti kwa noti, kwa uaminifu wote.

Hakuisikia na betri mpya hata siku moja. Sheria ilikuwa sheria, na Baba hakuwa mtu wa kuiba betri.

"Yule mwalimu alimcheka mume wangu kwa ajili ya betri zangu," Mama alisema. "Ningempa mpya hata mara moja."

Akanisukuma nimpishe, akashuka, akaenda kukaa jikoni. Sisi wawili tulibaki ndani ya pikapu. Baba mdogo alizima injini ambayo haikuwa imewashwa.

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilicheka, nakiri, nilicheka nikiwa peke yangu nyuma ya choo, kwa sababu kijiji kizima kimezikana miaka yote hiyo kwa mwendo wa betri zilizokwisha. Halafu nikalia mpaka nikashika ukuta. Baba hakuwa mvivu wala hakuwa hawezi. Alisikia alichosikia na akakitii maisha yake yote, akakubali kuchekwa kwa ajili yake, na amekufa bila kujua. Hadi sasa naandika sijaamua kama ningependa angejua.

Ijumaa asubuhi Mama alivaa khanga ya kutokea, akatoka nje ya uwanja. Mara ya kwanza tangu mazishi. Nilimfuata kwa mbali nikidhani anakwenda makaburini. Alikuwa anapiga hodi kwa majirani kuomba betri kubwa zilizochoka. Watu walichanganyikiwa. Wengine walimletea mpya kutoka dukani, wakidhani mjane ameishiwa na anaona haya kusema. Alizikataa zote. "Nataka zilizochoka. Zile mnazotaka kutupa." Wakaenda kuzitoa kwenye tochi na kwenye redio za shambani, na nadhani siku hiyo nusu ya kijiji iliamini kwamba msiba umempanda kichwani.

Baba mdogo alisafisha mdomo wa redio kaseti kwa pamba na spiriti yangu. Tuliijaribu kwanza na betri mpya kuhakikisha haitafuni. Ikakimbia, vizuri. Kisha tukaweka za Mama. Redio ilikuwa juu ya kichanja, kahawa huku na huku, na jua la Ijumaa lilikuwa limetoka kidogo.

Sauti ya nne ikaanza kutembea.

Sina namna nyingine ya kulisema: Baba alikuwepo. Mwendo wake, na sauti imekaa chini pale inapokaa, na kule kuyumba kidogo kwa wimbo wa juu ambako siku zote nilidhani ni kwa sababu ya upepo wa kinanda chake. Kumbe alikuwa anauyumbisha makusudi, kwa sababu kanda iliyumba. Mama alikaa chini, pale pale kwenye udongo.

"Huyo," alisema. "Huyo hapo."

Baba mdogo aliizima haraka ili kuzitunza betri. Alituonya kwamba hazitafika mbali, kwamba afadhali tuweke moja mpya kati yake. Mama hakutaka hata kusikia. Akasema Alfonsi hamwachi mtu njiani. Mimi mwenye vipimo na dozi nilijua kabisa Baba mdogo anasema kweli, na nilinyamaza.

Rekodi ilikuwa imechaguliwa.

Jana kanisa lilijaa hadi nje. Redio iliwekwa juu ya kasha la kinanda kilicholiwa na mchwa, kipaza sauti mbele ya spika yake, nami nikapewa kazi ya kubonyeza. Kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda cha Baba, na nilipoinua macho nikaona kile kioo cha kunyolea. Hakuna aliyekitoa. Ndani yake kulikuwa na njia yote ya katikati, na mwisho wake Mama, mdogo sana, na kikapu cha kahawa ya msimu huu ambayo Baba aliipalilia na hakuivuna.

Mfukoni nilikuwa na betri mpya. Mkononi nilikuwa na simu, na wale wote wanaokimbia.

Kwaya ikanyamaza. Nikabonyeza. Nilisikia benchi zile zikishusha pumzi pamoja, mamia ya watu waliotembea njia hiyo kila mmoja na wake. Mama akaweka mguu pale sauti ya nne ilipoweka wake. Alitembea vizuri. Alinyoosha mgongo. Nilimwona kwenye kioo anakua kidogo kidogo.

Alipofika usawa wa nguzo za kati, kanda ilianza kuzama. Kidogo kwanza, hata ungedhani ni masikio yako. Mama akapunguza hatua, akaifuata. Ikazama tena, sauti ikawa nzito, hatua zikawa mbali mbali, naye akazifuata hivyo hivyo, mguu hewani unasubiri noti. Wanawake waliokuwa nyuma yake na mkate na divai nao wakapunguza. Kisha noti moja ilivutika, ikanung'unika, ikakatika.

Mama alisimama.

Alisimama katikati ya kanisa na kikapu chake. Akainua uso, akatazama moja kwa moja kwenye kile kioo, maana alijua kilipo, amekitazama miaka yote. Alikuwa anasubiri kipande kirudiwe.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kioo. Vidole vyangu vilikuwa juu ya simu na sikubonyeza. Nikisema niliamua nitakuwa nadanganya. Nilitafuta wa kumbonyeza, nikaona wote watamkimbiza, na nikabaki namtazama mama yangu akinitazama na kumtafuta mwingine.

Baba hakuwahi kumwacha mtu njiani. Jana alimwacha Mama.

Padre alikuwa ameshanyoosha mikono kupokea na mikono ikabaki hewani. Kisha Mama aliteremsha macho, akabadilisha kikapu mkono, akaweka mguu mbele. Halafu mwingine. Mwendo ule ule, hakuongeza. Nilisikia raba zake kwenye sakafu ya saruji, na nyuma yake raba za wale wanawake wengine, hadi altareni. Padre alipopokea kikapu, Mama aliendelea kukishika. Hapo ndipo kilio kilipotoka, sauti kubwa ambayo sijawahi kuisikia kwake, na nami nikalia mbele ya kioo cha Baba huku watu wote wakiuona mgongo wangu.

Baada ya misa watu walitushika mikono. Bibi mmoja aliuliza kama umeme ulikatika. Nikamwambia ndiyo.

Leo Mama amekula. Uji asubuhi, ugali na maharage mchana, hakuacha kitu. Hajasema lolote kuhusu jana na mimi sijathubutu. Mchana kutwa nimekuwa nikijiuliza kama ningebonyeza tu, yeyote, hata yule anayewahi basi. Angeudhika, lakini asingesimama peke yake pale katikati. Kisha nazikumbuka zile hatua za mwisho, na siwezi kuzitamani zisiwepo. Nimefuta rekodi zote kwenye simu, nimebakiza ya yule mwanamke anayevuta pumzi.

Kesho nashuka Mbamba Bay, nina zamu ya jioni. Nilikuwa nafungasha begi Mama alipoingia, akatazama huku na huku juu ya meza.

"Zile betri umezitupa?"

Nikamwambia bado, ziko ndani ya redio.

"Usizitupe," alisema. "Kesho jua likitoka nitazianika."